Redio Isiyotaja Majina

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mapema ili nisionekane najitetea huko mbele. Mimi ndiye niliyemwambia baba mkwe kwamba redio ya gari langu huandika majina ya nyimbo.

Nilisema hivyo nikiwa nimeshiba. Tulikuwa kwao Zagayu, mimi na mke wangu, pamba imeshavunwa, nimelishwa ugali na kuku mpaka akili imelala. Baba mkwe akaniuliza lile gari langu jipya lina nini cha ajabu. Jipya kwangu, maana Japani lilikuwa limeshazeeka: gari dogo jeupe ambalo halina cha ajabu chochote. Lakini mkwilima, mume wa binti, hamjibu baba mkwe kwamba gari lake ni la kawaida. Nikamwambia lina redio inayopiga CD, na wimbo ukianza tu, kwenye kioo cha redio hujitokeza jina la wimbo na jina la mwimbaji. Jambo hilo nilikuwa nimeliona kwenye gari la mwalimu mwenzangu. Kwenye langu sikuwahi kuliona, ila niliamini ningeliona siku nitakayopata CD yenye majina.

Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja ya Bariadi mjini. Kwa sababu hiyo, ukweni kwangu kila kilichoharibika huletwa mbele yangu. Nimeletewa tochi, nimeletewa bomba la kunyunyizia dawa ya pamba, nimeletewa hata pasi ya mkaa. Nikisema neno kuhusu mashine, halipingwi.

Baba mkwe aliacha kutafuna.

"Jina la mwimbaji?"

"Ndiyo, baba."

"Linaandikwa pale, mtu analisoma?"

"Linasomeka kabisa."

"Basi," akasema, akanawa mikono kabla chakula hakijaisha, "yule mtu wa Kasoli amekwisha."

Hapo ndipo nilipogutuka. Nilimjua mtu wa Kasoli kwa sifa zake, maana hakuna mgeni aliyekaa kwa baba mkwe zaidi ya nusu saa bila kuelezwa habari zake.

Kwetu ngoma ina pande mbili, Bagika na Bagalu. Kila mwaka baada ya mavuno hushindana, kila upande na nyimbo zake, dawa zake na matusi yake yaliyopigwa msasa. Mtu huwa wa upande fulani kwa sababu baba yake alikuwa huko, na hilo halijadiliwi. Baba mkwe ni wa Bagika wa kufa na kuzikana. Babu yangu mimi alikuwa wa Bagalu, na wakati wa posa jambo hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, namna inavyotajwa kifafa katika ukoo.

Mtu wa Kasoli naye ni wa Bagika. Walichunga ng'ombe pamoja, wakaingia kwenye ngoma pamoja, wakasimama mstari mmoja. Wakiwa vijana, watu walikuja na mashine ya kurekodi kwenye mashindano, wakarekodi nyimbo za kikundi chao. Mmoja kati ya nyimbo zile ukapendwa mno. Watu waliuimba kwenye palizi, kwenye harusi, hata wakichimba msingi wa nyumba. Na kwa desturi, anayeongoza wimbo hujitaja jina lake humo katikati, kwa hiyo baba mkwe akiuimba hujitaja yeye, na mtu wa Kasoli akiuimba hujitaja yeye. Wakaendelea hivyo mpaka siku moja wakaulizana ni nani hasa aliyeongoza siku ile ya kurekodi. Kila mmoja akasema ni mimi, na kaseti yenyewe ilikuwa imeshapotea mikononi mwao. Walianza kwa utani, wakafika kwenye kutosalimiana. Mwenzake alipohamia Kasoli kulima pamba, baba mkwe alisema amekimbia aibu.

Wimbo wenyewe nilikuwa nimeusikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa. Baba mkwe aliuimba kwenye harusi yetu. Aliuimba mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Akianza tu kumzungumzia mtu wa Kasoli, lazima asimame na kuuimba wote kuthibitisha hoja yake, mkono mmoja sikioni.

Lakini alikuwa amezeeka. Sikio la kushoto lilikuwa limeshafunga kazi, la kulia linasuasua. Alitaka jambo moja tu kabla halijafunga na lenyewe: ausikie wimbo ule ukipigwa, asikie jina lake likitajwa kuwa ndiye mwimbaji, na yule wa Kasoli awe amekaa hapohapo akisikia. Mke wangu, ambaye kwa baba yake hana ujanja, alimtafuta fundi mmoja wa Mwanza anayehamisha kaseti za zamani. Fundi akaipata kaseti ile kwa dereva mstaafu, akatengeneza CD yenye nyimbo sitini na tatu za kikundi hiki na kile, akaituma kwa basi.

"Majina yote nimechapa, mwalimu," aliniambia kwenye simu. "Gari ikisoma tu, yanatokea."

"Ule wimbo wetu ni wa ngapi?"

"Ah, hapo sasa sikumbuki. Lakini si majina yatatokea?"

Na kaseti alikuwa amesharudisha kwa mwenyewe, ambaye naye alikuwa amehamia kwa mwanawe mkoa mwingine. Nikaitumbukiza CD kwenye redio nikiwa peke yangu uani, kwa imani kubwa. Namba 01 ikatokea. Chini yake redio ikaandika kwa herufi za kijani: NO TITLE.

Nilibonyeza kila kitufe. Nilizima, nikawasha. Kuna mama wa Kijapani anayeishi ndani ya redio ile, husema sentensi moja ndefu kila gari linapowaka. Alisema sentensi yake, redio ikaandika tena NO TITLE. Niliipiga kofi. Nina hasira za karibu, mke wangu atakwambia, na hakuna kinachozichochea kama kifaa kinachokaa kimya huku kinajua jibu. Jioni ile ningempigia simu baba mkwe nikamwambia ukweli, lakini asubuhi yake alikuwa ameshatuma salamu Kasoli kwamba Jumamosi anakuja na ushahidi.

Jumamosi tukafika Zagayu kumchukua. Baba mkwe alikuwa ameshavaa koti, fimbo mkononi. Ila pembeni ya gari alisimama pia mama mkwe, kitenge kipya, beseni la michembe ya viazi na karanga kichwani.

"Wewe unakwenda wapi?" baba mkwe akamuuliza.

"Kusikiliza," akasema. "Na mimi nina masikio."

Kwa upande wa masikio mama mkwe alimshinda, baba mkwe akaingia garini.

Sasa lazima nieleze habari ya mama mkwe. Kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni, hawali pamoja na hawasemezani moja kwa moja. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi nyingi. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu mama yule hakuwa ameniambia neno hata moja. Nikiwa nimesimama hatua mbili humwambia mke wangu, "Mwambie mwalimu chai inapoa." Siku moja mke wangu alikuwa kisimani, akamwambia mbuzi.

Kwa hiyo alikaa nyuma yangu, khanga imemfunika kichwa, mke wangu pembeni yake. Mimi, ili nisije nikamwona usoni kwa bahati mbaya, nikakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikatazama paa. Nikawasha gari. Mama wa Kijapani akasema sentensi yake.

"Anasema nini huyo?" baba mkwe akauliza.

"Anatukaribisha, baba."

"Mwangaluka, mayu," baba mkwe akaisalimia redio kwa adabu, akajiegemeza.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Akainama kutazama herufi za kijani. Kusoma hakujua, ila aliinama vilevile.

"Imeandika nini?"

Hapa ningeweza kusema uongo na mambo yakaisha. Lakini uongo wa namba moja ungehitaji mwingine wa namba mbili, na zilikuwa sitini na tatu. Nikamwambia imeandika kwamba wimbo hauna jina.

"Wimbo gani hauna jina? Mtu katunga, kaimba, halafu mashine inasema hauna jina? Hiyo ni dharau." Akaitazama redio kwa jicho baya. "Endelea. Labda inaona aibu. Wetu itausema."

Nikanyoosha mkono niruke kwenda namba mbili. Akaushika mkono wangu.

"Mwalimu, unafanya nini? Mwenzako anaimba unamkatisha?"

Nikaelewa kwamba safari itakuwa ndefu. Kwa baba mkwe, anayeongoza wimbo harukwi. Awe hai au marehemu, awe kwenye CD au uwanjani, unamsikiliza mpaka amalize, ndipo mwingine aingie. Tukasikiliza wa kwanza wote. Tukasikiliza wa pili wote. Wa tatu ulikuwa na dakika nyingi za filimbi peke yake, nao tukausikiliza. Tukafika wa sita, na sekunde chache tu baada ya kuanza baba mkwe akakaa wima.

"Simama! Simamisha gari!"

Nilidhani amepatwa na kichomi. Nikabana breki, vumbi likatupita. Alifungua mlango, akashuka, akatembea hatua kumi, akasimama akitupa mgongo, akitazama shamba la mtu.

"Ni wimbo wa Bagalu," mke wangu akaniambia taratibu. "Hawezi kukaa nao kwenye gari moja."

"Basi niuruke?"

"Ukiruka atasema umemkatisha mtu."

Wimbo ulikuwa na dakika tano. Tulizikaa zote, gari linaunguruma, mzee kasimama jua kali akiangalia mabua ya pamba. Nyuma yangu nilisikia mtu akiufuatisha wimbo wa Bagalu puani, taratibu, vizuri kabisa. Mke wangu hajui kuimba. Nikajitia sijasikia.

Tulipokaribia Bariadi mjini trafiki akanipungia mkono. Tulikuwa wimbo wa kumi na nne. Akaomba leseni, kisha akatazama ndani, akatazama juu.

"Mwalimu, kioo chako kinaangalia nini huko?"

"Afande," nikamwambia kwa sauti ya chini, "nina mkwe nyuma."

Aliinama akachungulia, akaona khanga. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa hukuhuku. Akanyooka haraka, akapiga hatua nyuma, akatazama mbinguni.

"Samahani sana, mama," akaliambia anga. Halafu kwangu: "Pita, pita. Ila zima kwanza gari niangalie bima."

Nikazima gari, akatazama bima, nikawasha tena. Mama wa Kijapani akaongea. Redio ikaandika 01.

Hilo nalo sikuwa nalijua. Gari likizimwa, redio husahau kila kitu na kuanza upya. Nikapeleka kidole kwenye kitufe nirudi kumi na nne, lakini baba mkwe alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa akiufurahia wimbo wa kwanza. "Huyu anajua," akasema. Tukaanza upya. Wimbo wa sita ulitukuta mbele ya soko, akashuka, akasimama akiwatazama wauza nyanya mpaka ukaisha. Wauza nyanya walidhani anataka kununua.

Mjini nilipita kwa fundi redio, baba mkwe akisisitiza kwamba mashine ifundishwe adabu kabla hatujafika Kasoli. Fundi aliiingia redio kwa vidole viwili na mafumbo mengi. Alipomaliza, NO TITLE ilikuwa imeondoka na badala yake yalikuwapo maandishi ya Kijapani, mstari mzima. Kwa dakika moja nzima nilikuwa na matumaini.

"Hayo ndiyo majina?" baba mkwe akauliza.

"Hapana, mzee," fundi akasema. "Ni ileile, haina jina, ila sasa inasema kwa Kijapani. Hii redio inasoma namba tu. Majina yamo ndani lakini haina macho ya kuyaona."

Nikamwomba airudishe ilivyokuwa, maana kama ni kutukanwa afadhali nielewe. Mke wangu alinivuta pembeni. "Mwambie tu kwamba imeandika jina lake," akanong'ona. "Mzee wa watu, utapungukiwa nini?" Nikakataa. Nilisema mwalimu hasomi kisichoandikwa. Nilisema kwa ukali kidogo, na nilijiona mtu wa maana sana.

Tukaanza tena 01. Tukazima sheli, tukaanza tena 01. Kufikia hapo wimbo wa kwanza nilikuwa nimeuhifadhi, filimbi za wa tatu naziota, na kila ukikaribia wimbo wa sita natafuta kivuli cha kumshushia mzee. Kutoka sheli hadi Kasoli njia ilikuwa na malori ya pamba, tukaenda polepole, nyimbo zikasogea. Ishirini. Ishirini na tisa. Thelathini na tano. Baba mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Wa thelathini na nane ulianza tukiwa tunaingia kwenye boma la mtu wa Kasoli. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni, mrefu, kofia ya kitambaa, watu wa nyumbani kwake wote wamejipanga nyuma yake kando ya lundo la pamba jeupe.

Nikasimamisha gari vizuri. Na mkono wangu, kwa mazoea yake, ukazima.

Mke wangu aliguna. Baba mkwe alinigeukia taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake niliona anajiuliza kama babu yangu wa Bagalu hana mkono katika jambo hili.

Wazee wale walisalimiana kama watu wa serikali. Mwangaluka, mwangaluka, mhola, mhola. Kila neno lilitolewa likiwa limenyooka, hakuna aliyetabasamu. Mtu wa Kasoli akasema amesikia kuna ushahidi. Baba mkwe akasema upo, uko ndani ya gari, utajisema wenyewe. Mtu wa Kasoli akaingia kwenye kiti changu cha dereva, baba mkwe akabaki kwenye chake. Mama mkwe hakushuka. Mke wangu alimwita akakae kivulini na akina mama, akasema hapo alipo panamtosha. Mimi nikasimama nje, kichwa nimekiingiza dirishani karibu na redio, makalio yamebaki juani. Nikawasha.

"Mwangaluka," mtu wa Kasoli akamjibu mama wa Kijapani.

01.

Tulikaa pale saa mbili na zaidi. Gari liliunguruma, mafuta yaliondoka, watu wa boma walileta viti, kisha wakaleta uji. Ulipofika wimbo wa sita, milango miwili ya mbele ilifunguka kwa pamoja. Wazee wote wawili walishuka, wakatembea hatua zilezile, wakasimama bega kwa bega mbele ya lundo la pamba, wametupa mgongo. Ukaisha, wakarudi. Nadhani mtu wa Kasoli alimshikia mwenzake mlango, ila sitaapa.

Wimbo wa arobaini na moja ulianza kwa ngoma moja nzito, kisha sauti ya mwanamume peke yake. Mikono ya wazee wote wawili ilikwenda juu kwa wakati mmoja.

"Ndio huu!"

"Imeandika nini?" baba mkwe akanishika shati.

Watu walisogea. Nikatazama herufi za kijani, nikazitazama tena.

"Imeandika hauna jina, baba."

"Soma vizuri," mtu wa Kasoli akasema. "Jina langu ni fupi, labda limejificha."

"Lako haliwezi kuwapo. Sauti hiyo huisikii ni yangu?"

"Yako? Yako ilikuwa kama ya ndama. Sikiliza inavyopanda hapo. Huyo ni mimi."

"Huyo ni mimi nikiwa na mafua."

"Nyamazeni," mtu wa Kasoli akasema, akiwamo na yeye mwenyewe. "Tuachane na redio. Anakaribia kujitaja. Atajitaja mwenyewe tusikie."

Ni kweli, hilo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Baba mkwe aligeuza sikio lake la kulia, akaliwekea kiganja. Mkono wake mwingine ulikuwa bado umelishika shati langu, na ghafla sikuona tena kichekesho chochote. Nikaomba kwa moyo wangu wote iwe ni yeye. Sauti kwenye redio ikapanda, ikavuta pumzi, ikasema, "Mimi mwana wa..."

CD ikaruka. Tk, tk, tk, tk. Vumbi la siku nzima lilikuwa limechagua kukaa pale.

Watu walipiga kelele kama mpira umegonga mwamba. Mimi nilinyanyua kiganja niipige ile redio kofi la maisha yake. Na hapo, kutoka kiti cha nyuma, ikatoka sauti. Ilikuwa nyembamba, kavu kidogo, na iliingia palepale wimbo ulipokatikia bila kutafuta njia. Ikauimba mstari uliokosekana. Katikati ya mstari ikalitaja jina, na halikuwa la baba mkwe wala la mtu wa Kasoli. CD ikajikwamua, sauti ya mwanamume ikarudi, na mama mkwe akaendelea nayo sambamba mpaka mwisho wa ubeti.

Mimi jina lile sikulijua. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa ameziba mdomo.

"Mjomba," akaniambia. "Kaka yake mama. Alifariki mimi sijazaliwa."

Mtu wa Kasoli alivua kofia. Baba mkwe aliliachia shati langu.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye," mtu wa Kasoli akasema. "Alikuwa katikati. Mimi nilisimama kushoto kwake."

"Na mimi kulia. Mwaka uliofuata tukamzika. Wewe na mimi ndio tulioshika wimbo."

"Tukaushika mpaka tukasahau tuliupokea kwa nani."

Wazee wale wawili walikaa kwenye viti vya mbele vya gari langu wakitazama kioo, na machozi yakiwatoka bila kuyafuta. Nami nililia. Watu wa boma niliwaambia ni nyuzi za pamba.

Baba mkwe aligeuka nyuma. "Miaka yote hii," akamwambia mkewe. "Wewe ulijua. Mbona hukusema?"

"Mliniuliza?" akasema. "Tangu asubuhi mnaiuliza redio, na mimi nimekaa hapa." Akaiweka sawa khanga. "Halafu ninyi mkibishana, mnaimba. Mkiimba namsikia. Ningesema ni wa kaka yangu, mngeona haya, mngeacha."

Mtu wa Kasoli aliinamisha kichwa kwenye usukani wangu, honi ikalia, hakuna aliyecheka.

"Mwalimu," mama mkwe akasema.

Hakusema na mke wangu, wala hapakuwa na mbuzi. Nilitazama chini kwa heshima.

"Naam, mama."

"Urudishe mwanzo. Kisha unisomee redio imeandika nini."

Nikaurudisha. Ngoma moja nzito, kisha ile sauti ya kijana. Herufi za kijani zikatokea, zilezile, na nilizitazama kwa muda kama mtu anayesoma. Kisha nikamsomea jina la kaka yake, na la baba yao, polepole, silabi moja baada ya nyingine, namna ninavyowasomea wanafunzi kitu ambacho sitaki wakikosee.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.